Nilifuta Windows ya 32-bit ili RAM isome 4GB kamili, nikaishia kupokea rambirambi

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii niliyoileta siyo chai, yaani siyo hadithi ya kutunga. Ingekuwa chai ningeitia sukari nijifanye shujaa. Humu ndani mimi ndiye mjinga kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, na mashahidi bado wako hai, wakiwemo waliokuja kunililia marehemu ambaye hakufa.

Kwanza mnijue kidogo.

Nina kibanda cha stationery Kabanga, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Natoa kopi, napiga passport size, nachapa barua za maombi ya kazi, natengeneza kompyuta za watu. Sikusomea popote. Ninachokijua nimekiokota humu jukwaani, na kwenye kufungua mashine za watu huku nikiomba Mungu zifungike tena.

Na nina ugonjwa. Jina lake la kitaalamu silijui.

Nikichapa barua nikaona nafasi mbili baada ya nukta, siwezi kula hadi nirudie. Icon za desktop yangu zimepangwa kwa alfabeti. Mteja akiondoka na kopi iliyolala upande kidogo, namkimbilia barabarani nimpe nyingine bure. Mama yangu husema nilizaliwa na rula mkononi.

Sasa, mashine yangu ya kazi ni desktop ya mtumba. RAM 4GB, Windows 7 ya 32-bit. Ukifungua pale pa kuangalia sifa zake, inakuandikia RAM iliyopo ni 4.00 GB, inayotumika ni 3.24 GB.

Wakuu, hiyo 3.24 ilinitesa miaka miwili.

Kwa wasiojua mambo haya, ngoja niweke hivi. Mfikirie balozi wa nyumba kumi aliyepewa daftari lenye kurasa za kuhesabika. Chumba kisichoandikwa humo hakitambuliki. 32-bit ndiyo daftari hilo, mwisho wake ni anwani za 4GB, ukurasa wa ziada hakuna. Na kabla ya kuwaandika wenyeji, yaani RAM, balozi anaanza na wageni wa heshima: kadi ya picha, kadi ya sauti na jamaa zao. Wageni wakishaandikwa, kurasa zilizobaki haziwatoshi wenyeji wote. Chumba kipo, mtu yumo ndani amelala, lakini kwenye daftari hayupo.

64-bit ni balozi mwenye daftari ambalo wewe na wajukuu zako hamtalimaliza.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nawasha mashine nikijua kuna wenyeji wangu kama robo tatu ya GB wamelala nje. Inauma.

Kitu cha pili ni scanner yangu. Niliipata ofisi moja ilipokuwa inatupa vitu vyake. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na waya wake ni ule mnene wa printer za zamani, wenye pini ishirini na tano. Lakini kifuniko chake kina taa, kinasoma negative za filamu. Sijasikia mwingine mwenye kitu hicho Ngara nzima.

Jumatatu moja akaingia Bibi Leokadia.

Aliletwa na mdogo wake, Bibi Veneranda, anayeuza dagaa jirani na kibanda changu. Bibi Leokadia mwenyewe ni mtu wa Nyantakara, kule Biharamulo. Alikuwa amesafiri siku nzima akiwa amepakata mkebe wa maziwa ya unga kama mtu aliyebeba yai.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mbona umekauka hivi, huo umeme unakula na watu?"

Akafungua mkebe. Ndani kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna karatasi ya daftari, ndani ya karatasi kuna kipande cha negative, urefu wa kidole.

Hadithi yake ni hii. Wakati wa vijiji vya ujamaa alikuwa mke kijana. Vita ya Kagera ilipoanza, mume wake, Nestori, alikuwa mgambo wa kijiji. Siku lori lilipokuja kuwachukua, mpiga picha mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini aliwasimamisha wanaume wanne mbele ya ghala la kijiji, akawapiga picha.

Nestori hakurudi. Kaburi hakuna.

Picha iliyosafishwa ilikaa ukutani hadi mchwa wakaila, fremu na yote. Kilichobaki ni hicho kipande.

Sasa wajukuu wamemjengea kaburi la kumbukumbu. Saruji, msalaba, na kwenye msalaba wameacha nafasi ya picha, saizi ya kiganja. Jumamosi ile padre angekuja kubariki, jumuiya nzima ingekuwepo.

"Nafasi imeachwa," Bibi aliniambia. "Sitaki watu wasafiri waje kuombea shimo."

Halafu akasema neno ambalo nililisikia lakini sikulisikiliza, kwa sababu nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo cha scanner.

"Uso wake umenipotea, mjukuu wangu. Nikifumba macho namwona mgongo tu, anapanda lori."

Kwenye negative huwezi kumtambua mtu. Nyeusi ni nyeupe, nyeupe ni nyeusi, wote wanne wamekaa kama mizimu. Nikaweka filamu, nikabonyeza preview. Scanner ikanguruma, na kwenye kioo cha kompyuta wakatokea wanaume wanne, wamegeuzwa kuwa watu, wadogo lakini wanaonekana.

Hapa ndipo pa kunipiga mawe.

Bibi alikuwa upande wa pili wa meza. Kioo kilikuwa kinaniangalia mimi. Ningekigeuza tu. Sekunde mbili, wakuu.

Sikukigeuza. Mimi huwa sionyeshi kazi ambayo haijakamilika. Picha ilikuwa na vumbi, ina mchirizi mweupe unaopita kulia, imelala nyuzi moja hivi. Nikasema ngoja kwanza niiscan kwa 2400 dpi, yaani kwa ukali mkubwa, niisafishe, nimwonyeshe kitu cha maana.

Nikabonyeza. Ikafika katikati ikaniambia memory haitoshi.

Nikarudia. Memory haitoshi.

Ningeshuka tu hadi 1200 dpi. Picha ya saizi ya kiganja, 1200 inatosha na chenji inabaki. Lakini mimi nikaona 3.24 inanicheka. Nikamwambia Bibi niachie hii filamu, njoo Jumatano, nitakutolea picha hujapata kuona.

"Si ilikuwa inanguruma hapo? Haijatoka?"

"Bado kidogo, Bibi."

Akaniangalia. Akakibusu kile kipande, akanikabidhi. Alhamisi ndiyo alipanga kurudi Nyantakara.

Jumanne nikafunga mlango, nikaweka DVD ya Windows 7 ya 64-bit.

Wanaojua wanajua, kutoka 32 kwenda 64 hakuna kupanda ngazi. Unavunja nyumba unajenga upya. Ningeweza kugawa disk nikaiacha ile ya zamani upande mmoja, lakini partition mbili kwangu ni kama nywele zilizochanwa njia ya kombo. Mafaili ya wateja nikayahamishia kwenye flash. Nikabonyeza Format kwa furaha ya mtu anayefagia uwanja wake Krismasi.

Baada ya saa moja na kitu mashine ikawaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye sifa zake.

4.00 GB. Hakuna mabano wala "inayotumika". Nilipiga screenshot, wakuu, nikaifanya wallpaper.

Halafu nikachomeka scanner.

Kimya. Nikaenda mtandaoni kutafuta driver ya 64-bit, ile programu inayoifanya mashine itambue kifaa. Haipo. Haijawahi kuwepo. Watengenezaji waliiacha scanner ile enzi za XP. Driver ya 32-bit haiingii kwenye 64-bit, hata ubembeleze. Programu za kawaida za 32 zinaishi humo vizuri tu, lakini driver inakaa ndani kabisa, jikoni, na jikoni kwa 64-bit haingii mgeni.

Kabla hamjaniuliza: virtual machine nilijaribu. Waya wenyewe ni wa pini ishirini na tano, siyo USB, na mashine ndani ya mashine haikuuona. Kuiweka filamu juu ya kioo cheupe cha kompyuta na kuipiga kwa simu pia nilijaribu. Kamera yangu haiwezi kukaribia hivyo, Nestori na wenzake wakatoka kama uji uliomwagika.

Driver ya 32 yenyewe ilikuwa kwenye CD. Nikatafuta CD kwenye droo. Hamna. Mtandaoni nikapata tovuti mbili, moja imekufa, nyingine inataka kuniwekea virusi.

 

Jumatano asubuhi, badala ya kumsubiri Bibi nimwambie ukweli kama mwanaume, nilifanya hivi: nilichapa tangazo, nikalibandika mlangoni, nikazima simu, nikapanda bodaboda kwenda kwa Mama, Murusagamba.

Tangazo liliandikwa: TUMEFUNGA. MSIBA NYUMBANI.

Fonti 48, katikati ya karatasi, pembe zote sawa. Hata uongo wangu ulikuwa umenyooka.

Sasa, nyie mnaokaa mijini mnaweza kudhani tangazo kama lile linafunga mazungumzo. Kwetu linayafungua. Ukisoma kwamba mtu ana msiba, huulizi kwa simu. Unajifunga khanga, unabeba chochote, unakwenda.

Saa nane mchana niko nyuma ya nyumba, nimejificha kwa kazi ya kupanga kuni kwa urefu wake. Mama yuko mbele anapukuchua maharage. Nikasikia bodaboda inakuja na ile barabara yetu ya mawe, inapumua kwa shida. Halafu nikasikia kilio.

Ni Bibi Veneranda, ameanza kulia tangu kwenye kona, kama desturi inavyotaka. Nyuma yake kakaa Bibi Leokadia. Mbele ya dereva, kwenye tenki, kuna mkungu mzima wa ndizi.

Mama, kusikia watu wanakuja kwake wanalia, akaangusha ungo. Akaelewa kwamba aliyekufa ni wa kwake na wamekuja kumpa habari. Naye akaanza kulia.

Wakuu, wanawake watatu wamekumbatiana uwanjani wanalia, hakuna hata mmoja anayejua analilia nani.

Ndipo Mama akauliza katikati ya machozi, "Jamani, niambieni tu. Ni nani?"

Bibi Veneranda akanyamaza ghafla. "Sisi ndio tumekuja kukuuliza wewe."

Nikatoka nyuma ya nyumba na kuni mkononi.

"Fidelisi," Mama akasema, kwa sauti ile ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "umemuua nani katika ukoo huu?"

"Sikumtaja mtu, Mama."

"Hukumtaja! Kwa hiyo umetuua wote kidogo kidogo!"

Ikabidi niseme. Nikasema aliyekufa ni Windows.

"Huyo ni wa upande gani?" akauliza Bibi Veneranda, bado khanga iko kichwani. "Wa marehemu baba yako?"

Dereva wa bodaboda akaanza kucheka, Mama akamtazama, akaacha.

 Bibi Leokadia alinikaribia, akanishika mkono wa shati.

"Na Nestori?"

Nikatoa bahasha mfukoni. Kile kipande kilikuwa humo, sikukiacha hata usiku mmoja. "Filamu ni salama, Bibi. Nilichoua ni kile kinachoisoma."

Akaishika bahasha muda mrefu. Halafu akakaa chini kwenye mkeka wa maharage, akaniambia nikae nami, nimweleze taratibu, asikilize kosa lenyewe.

Nikaeleza. 32, 64, kurasa za balozi, jikoni kusikoingia mgeni. Nilieleza vibaya, narudia sentensi ili zinyooke. Yeye akawa anaitikia tu, mh, mh. Nilipomaliza akasema:

"Yaani ulikuwa na nyumba nzee inayokaa watu. Ukapata mpya yenye vyumba vingi. Ukaichoma ile nzee na vyungu vimo ndani."

"Ndiyo, Bibi."

"Walikuja na lori kukulazimisha?"

"Hapana, Bibi. Mwenyewe tu."

"Eeh. Sisi angalau tulihamishwa."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya khanga ile ile aliyokuja nayo kulilia.

Halafu akatusimulia. Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zilikuwa kwenye mstari. "Ungepapenda wewe, mwenye kupanga kuni." Kulikuwa na shule, zahanati, na watu karibu. Yeye kijiji hakukichukia, wanawe walijifunza kusoma pale. "Lakini migomba haikupanda lori. Mgomba hauitwi mkutanoni ukaja. Kama ungekata ule wa zamani siku ya kuhama, ungekula nini mpaka mpya uzae?"

Basi walilala kijijini, na kulipokucha wanaenda kwenye mahame yao, wenyewe wanaita itongo, pale walipokuwa wakiishi kabla. Wanapalilia, wanakata mkungu, wanarudi.

"Mwenyekiti alikuwa hajui?" Mama akauliza.

"Mwenyekiti? Akiuliza ndizi zimetoka wapi, tunamkatia chane. Na ile njia ya kwenda itongo, Nestori ndiye alikuwa anaifyeka. Tukaishi huku na huku hadi migomba ya kijijini ilipozaa."

Akanigeukia. "Itongo lako liko wapi?"

Nikasema DVD ya Windows ya 32 ninayo, hiyo siyo shida. Tatizo ni CD ya driver wa scanner. Sijui niliiweka wapi.

Mama akashika kiuno.

"CD zipi? Zile takataka zako?"

Hapo nikakumbuka, wakuu.

Msimu uliopita nilifanya usafi wa droo. CD zote zilizochakaa, zisizo na maganda, zisizofanana, nikazifunga kwenye mfuko nikampa Mama azitundike kwenye mtama wake kufukuza ndege. Zinang'aa, zinazunguka kwa upepo, ndege wanaogopa. Huku kwetu ni kitu cha kawaida. Nilijivunia hata usafi ule.

Driver wangu alikuwa shambani, analinda mtama.

Tukashuka shambani wote wanne. Upepo unavuma, CD zinazunguka kila mahali, zinatupiga mwanga machoni. Nikakamata ya kwanza: maandishi yote yameliwa na jua, nyeupe tupu. Ya pili hivyo hivyo. Zote nyeupe. Hakuna njia ya kujua ipi ni ipi hadi ziingie kwenye mashine.

"Nachukua zote," nikasema.

"Unachukua zote halafu ndege nawakaribisha mimi?" Mama akasema. "Moja kwa nyingine. Ukitoa, unaweka."

Kwenye begi langu nilikuwa na mnara wa DVD mpya, hazijaguswa, nilizozitunza kwa mwaka mzima kwa sababu kila nikitaka kutumia moja naona kazi yenyewe haistahili. Hata alama ya kidole hazikuwa nayo.

Bibi Leokadia akaupokea ule mnara, akaanza kuzifunga kwenye vijiti kwa kamba ya mgomba, moja baada ya nyingine, akiziacha zining'inie kombokombo. Nilitaka kusema kitu kuhusu nafasi kati yake. Nikamshikia kamba.

Jioni ile tukala rambirambi zetu, ndizi kwa maharage. Mama alinipakulia mwisho.

Alhamisi asubuhi tukateremka Kabanga, mimi na mabibi wawili na CD kumi na saba kwenye mfuko wa sukari. Bibi alikuwa ameisogeza safari hadi Ijumaa. Zaidi ya hapo hapakuwa na nafasi.

Nikagawa disk.  Windows ya 64 ikabaki upande wake, ya 32 nikaiweka upande wa pili. Wakati inajiweka, nikawa naosha CD kwa sabuni na kusugua mikwaruzo kwa dawa ya meno.

Ya kwanza: harusi ya watu nisiowajua.

Ya pili: kwaya. Bibi Veneranda akataka tuisikilize kwanza.

Ya tatu, ya nne, ya tano hazikusoma kabisa.

Ya tisa ikazunguka, ikakwama, ikazunguka, ikaonyesha folda moja yenye jina la scanner. Nikabonyeza kuiweka. Ikafika asilimia themanini na saba, ikasimama.

Tulikaa watu watatu tukitazama 87 kwa muda ambao sikuuhesabu. Bibi Leokadia alikuwa ameshika rozari, lakini haendelei, kidole kiko punje moja.

Ikasogea. Themanini na nane. Mia.

Nikaweka filamu. 1200 dpi. Hata kwenye 2400 sikuangalia. Na kabla sijabonyeza, nikageuza kioo upande wa Bibi.

Scanner ile haina haraka, picha inashuka mstari kwa mstari. Likaanza bati la ghala. Zikaja kofia mbili. Ukaja utosi wa mtu asiye na kofia, mwembamba, wa pili kutoka kulia. Yakaja masikio.

Bibi akashika meza.

Nikasubiri kilio. Bibi Veneranda alikuwa ameshaiweka khanga tayari.

"Heee!" Bibi Leokadia akasema. "Kumbe alikuwa na masikio hivi?"

Akasogea karibu, pua ikaribie kioo. Yakaja macho, yakaja meno. Yule bwana alikuwa anacheka. Wenzake watatu wamekaza sura za vita, yeye anamcheka mtu aliye nje ya picha.

"Miaka yote hii nimemlilia mtu mwenye masikio ya kawaida," akasema. "Nestori wewe. Masikio kama milango ya gari imeachwa wazi." "Na anayemcheka ni mimi," akaongeza. "Nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha, nimebeba mtoto, nimevaa viatu vyake kwa sababu yeye kapewa buti."

Hapo ndipo alipolia. Kidogo tu, huku anacheka.

Mimi tayari nilikuwa nimeshika mouse. Ule mchirizi mweupe ulikuwa unapita begani kwa Nestori, nimeukuza, niko tayari kuufuta. Na masikio, siwafichi, nilishapiga hesabu kwamba nikiyavuta ndani kidogo picha itakaa vizuri zaidi msalabani.

"Unafanya nini?"

"Naisafisha, Bibi. Huu mkwaruzo."

"Usiguse."

"Ni dakika moja tu."

"Nimekwambia usiguse. Juzi ulimsafisha nusura umpoteze. Mtoe hivyo hivyo."

Nikamtoa hivyo hivyo, na vumbi lake, na kulala kwake nyuzi moja. Ijumaa akapanda basi, mkebe mapajani.

Jumamosi Bibi Veneranda alinitumia picha kutoka Nyantakara. Msalaba, maua ya plastiki, padre, watu wengi. Na Nestori kwenye nafasi yake, amepinda kidogo, anawacheka wote.

Nimeitazama mara nyingi. Mkono bado unaniwasha kuinyoosha.

Wakuu, nilichojifunza siyo kwamba 32-bit ni bora. 64-bit ndiyo njia, mashine mpya wekeni hiyo bila kuuliza, na siku moja scanner yangu itakufa na 32 itakuwa haina kazi. Lakini ukihama, usiung'oe mgomba wa zamani kabla hujajua nani anakula kwake. Kagua kila kifaa chako kama kina driver wa 64. CD ya driver ikopi sehemu mbili, na hata moja isiwe shambani.

La pili linanihusu mimi na wenzangu wenye rula mkononi. Kazi isiyokamilika ionyesheni. Yule bibi alikuwa umbali wa meza moja na uso wa mume wake, Jumatatu, mimi nikamficha kwa sababu ya vumbi.

Sasa hivi mashine ikiwaka inaleta menyu nyeusi yenye mistari miwili, inanipa sekunde thelathini nichague. Nimeibadilisha majina. Wa juu unaitwa Kijijini, wa chini unaitwa Itongo. Urefu wake haulingani, na nimeuacha hivyo.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kunaswa na driver za zamani mlete visa vyenu, na mwenye kujua njia ya kuiamsha scanner ya pini ishirini na tano kwenye 64-bit anifundishe. Matusi nayapokea pia, ila yawe na nafasi moja tu baada ya nukta.

Na mkipita Kabanga mkakuta nimefunga na kuna tangazo mlangoni, nipigieni simu kwanza kabla ya kununua ndizi.